Jina Lililofumuliwa

Jua lilikuwa limeshukia nyuma ya mikorosho Mbodze alipotoka dukani na kidonge kimoja cha uzi mweupe. Mwenye duka alimtania kwamba fundi akinunua uzi mara mbili kwa wiki moja, Bongwe nzima itajua kuna mwana wa mfalme anakuja. Mbodze alicheka kwa adabu, akautia uzi katika fundo la kanga, akashika njia ya nyumbani kwa hatua za haraka. Alitaka kuuwahi mwanga.

Hakuutaka mwanga ili ashone. Aliutaka ili afumue.

Kwa miaka thelathini na zaidi, mtoto aliyezaliwa Bongwe au Ukunda alikuwa na bahati akifunikwa kwa kitu kilichotoka mikononi mwa mama huyu. Vikofia, fulana zenye asumini kifuani, mbeleko zenye maua ya karafuu kwenye pindo. Vyote alivitarizi kwa mkono. Cherehani alikuwa nayo, lakini hiyo ilikuwa ya sare za shule. Vitu vya mtoto mchanga, alisema, havitaki kelele. Wanawake walikuwa na mchezo wa kuigeuza kazi yake upande wa ndani na kutafuta fundo la uzi lilipo. Hawakuliona.

Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Hilo hakumwambia mtu. Mwaka wa pili huu alikuwa akitunga sindano kwa kuipapasa na ncha ya ulimi, na maua yake yalikuwa yanapinda. Aliacha kupokea kazi, akasingizia mgongo.

Ndipo Sidi alipokuja.

Sidi alikuwa binti yake, wa pekee, mwenye miaka ishirini na saba. Alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani mpaka mimba ilipotimiza miezi saba na mumewe, Mramba, akamwomba apumzike. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Sidi si mtu wa kulalamika, lakini siku ile aliketi barazani, akavua viatu, akaitazama miguu yake iliyovimba, akasema bila kuinua uso:

"Mama, umewashonea watoto wa watu wote. Wale wangu wawili hukuwashonea hata kikofia."

Mbodze alikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kumpa mwanamke mwenye mimba.

"Huyu mshonee. Hata kitu kimoja. Nijue kwamba ulimngoja."

Basi akajaribu. Akaharibu kitambaa cha kwanza, akaharibu na cha pili. Ua la asumini lilitoka kama buibui aliyekanyagwa. Jioni moja, mimba ya Sidi ikiwa imefika mwezi wa tisa, alifunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda, akavuta sanduku la bati, na chini kabisa, chini ya vyeti na picha za harusi, akatoa kishuka ambacho hakuwa amekikunjua kwa miaka thelathini na mmoja.

Kilikuwa cha bafta nyeupe. Asumini zilikizunguka pande zote nne, ndogo ndogo, kila moja na petali zake tano. Na kwenye pembe moja, kwa uzi mwekundu, palikuwa na herufi tano.

JUMWA.

Jumwa alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alilia mara moja tu, alfajiri, akaondoka kabla jua halijafika juu ya paa. Kwa watu wa kwao Mbodze, mtoto anayeondoka kabla ya kuitwa jina mbele ya watu haliliwi kwa sauti. Wanawake wazee humchukua wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba iliyo karibu na bafu, mahali ambapo maji ya kuoga hayakauki, ili tumbo la mama nalo lisikauke. Na huzikwa na kila kitu alichoandaliwa. Kila kitu, asiwe na cha kurudia. Aliyemzika Jumwa alikuwa Shangazi Shutu, dada wa baba yake Mbodze. Mbodze mwenyewe ndiye aliyempa kifurushi, kimefungwa tayari, na Shangazi hakukifungua.

Ndani yake mlikuwa na vikofia viwili, soksi za kufuma, na upande mmoja wa kanga ya kahawia yenye korosho kwenye pindo.

Kishuka hakikuwamo.

Mbodze alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amekaa miezi saba akikishona, na mikono ilikataa kukitia udongoni. Aliyewahi kubaki na nguo ya mtu aliyekwenda zake atamwelewa. Tangu hapo hakumshonea tena mtoto wa tumbo lake kabla hajazaliwa, wala wajukuu wake wawili ambao hawakufika. Aliogopa. Sidi alidhani hakujali.

Sasa alijiambia kwamba hakuna atakayejua. Angelifumua lile jina, angekifua kishuka, angekipiga pasi mpaka vitundu vya sindano vifunge, kisha angempa Sidi. Akafumua kwa ncha ya sindano na mkasi mdogo, herufi baada ya herufi. Vipande vya uzi mwekundu alivikusanya kiganjani, akaenda kuvitupa nyuma ya nyumba, kwenye migomba ile ile. Ndiko alikokuwa akitupa takataka zake zote. Hakufikiri.

Kesho yake alipokikunjua ili akifue, herufi J ilikuwa imerudi.

Haikuwa J yake. Ilikuwa imepinda, shono moja refu, jingine fupi, kama kazi ya mtoto anayeshika sindano kwa mara ya kwanza. Uzi ulikuwa ni ule ule aliokuwa ameutupa. Vipande vilikuwa vimeungwa kimoja kwa kingine kwa vifundo vidogo vidogo, na ndani ya vifundo mlikuwa na mchanga. Mbodze alikisogeza kishuka puani. Kilinuka udongo mbichi, maganda ya ndizi, maji ya sabuni yaliyolala.

Akafumua, akatupa. Siku iliyofuata zikawa herufi mbili. Alijiuliza kama uzee umeanza kumchezea, kama anaamka usiku na kushona usingizini. Aliwaza kununua uzi mweupe, apafunike mahali pale kwa asumini moja kubwa, hata ikipinda.

Hivyo ndivyo alivyokuwa barazani jioni ile, na kidonge cha uzi mapajani, akikikunjua kishuka kwa mara ya tatu.

JU... M.

Aliipapasa M kwa kidole. Ilikuwa nzuri kuliko J. Mashono yalikuwa yanaanza kulingana.

Aliyekuwa akishona alikuwa anajifunza.

"Hodi."

Sauti ilitoka upande wa nyuma ya nyumba, si upande wa njia.

"Karibu," alisema Mbodze, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ameshaitikia kabla ya kumwona anayemwitikia. Alipogeuka aliona umbo la mwanamke penye kona ya ukuta, mahali ambapo mwanga ulikuwa umekwisha. Mrefu, mwembamba. Kwa macho yake yale hakuweza kuona zaidi. Aliona tu kwamba nguo ilikuwa haimtoshi, na kwamba alikuwa akitetemeka.

"Nimekuja unifundishe," alisema yule mwanamke. Alisema polepole, kama mtu anayeokota maneno moja moja. "Nashona... lakini hakukai sawa."

"Kwenu ni wapi?"

"Hapo nyuma."

Mbodze alitaka kusimama. Badala yake alikikumbatia kishuka.

"Najichoma," alisema mgeni, akanyoosha mkono. "Kila nikishona, najichoma. Hukunifundisha."

Upepo ulikuwa umetulia. Harufu ya maji ya sabuni yaliyolala ilijaa barazani.

"Hicho ni cha nani, mama?"

"Cha mjukuu wangu," Mbodze alinong'ona.

Mgeni alirudisha mkono. Aliposema tena, hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwa afadhali ingekuwamo.

"Mimi nilidhani ni changu. Kule kuna baridi, mama."

"Mama Sidi!" Sauti ya Concepta iliruka juu ya ua wa makuti. Mbodze aligeuza shingo. Alipoirudisha, kwenye kona ya ukuta palikuwa na giza tupu.

Concepta alikuwa jirani yake, mtu wa Busia, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli ile ile aliyofanyia kazi Sidi. Alikuja na bakuli la maharagwe mkononi na utani mdomoni, kama kawaida yake.

"Si ungeniambia uko na msichana mwingine? Miaka yote hii nimekuwa nikijua ni Sidi peke yake. Kumbe unatuficha."

"Umemwona?"

"Si amepita hapo kwa migomba sasa hivi. Amefanana na Sidi, ni vile tu amekonda. Lakini mwambie avae vizuri. Kanga moja, na ni fupi, imemfika hapa kwa magoti. Tena imelowa maji yote, na mvua haijanyesha."

"Kanga gani?" aliuliza Mbodze. "Ya rangi gani, Concepta?"

"Ya kahawia. Ile ya zamani, iko na korosho hapa kwa pindo."

Mbodze aliweka kishuka juu ya kiti, juu ya nguo nyingine nyeupe za mtoto alizokuwa amemnunulia Sidi. Alimwambia Concepta amngoje hapo, anakwenda kupiga simu. Mtandao pale kwake ulikuwa haushiki ila nyuma ya nyumba.

Alisimama kando ya bafu, akampigia Shangazi Shutu huko Kinango. Bibi huyo alikuwa anakaribia miaka tisini, na simu alishikiwa na wajukuu, lakini akili yake ilikuwa kamili. Mbodze alimweleza yote kwa haraka, kuanzia herufi ya kwanza. Shangazi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Katika kile kifurushi ulitia nini?"

Kwa miaka thelathini na mmoja Mbodze alikuwa ameliogopa swali hilo, na halikuwahi kuulizwa. Akasema kweli. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

Shangazi hakumgombeza. Alivuta pumzi tu, akasema kwamba mtoto hana kosa, hakuja kwa ubaya, amekuja kwa sababu ya baridi. Lakini mtoto anayesikia baridi hujifunika kwa chochote anachokiona, hata kama ndani yake yumo mwenziwe. Alimwagiza achimbe, amrudishie kishuka chake, na asimwongezee kitu kingine. Hata kipande cha uzi, asije akapata njia ya kurudi.

"Umenisikia, Mbodze? Usimwongezee. Najua moyo wako."

Simu ilikatika. Mbodze alibaki ameishika sikioni, na katika ukimya ule alisikia sauti kutoka ndani ya migomba. Aliijua sauti ile kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Sindano inapotoboa kitambaa kilichovutwa, na uzi unapoifuata.

Tk... shhh.

Tk... shhh.

Alirudi barazani mbio. Kiti kilikuwa kitupu.

Concepta alikuwa anatabasamu. Mramba, alisema, amefika sasa hivi na gari la kukodi, Sidi yumo ndani, uchungu umemshika vibaya, hawakuweza kungoja hata dakika moja. Wamekwenda Msambweni. Mramba alikuwa amechanganyikiwa, hata mkoba alikuwa hajui ashike wapi, basi yeye Concepta ndiye aliyemfungashia vitu vyote.

"Hata kile kishuka kizuri nimekitia, usijali. Nimekiweka juu kabisa, mtoto akitoka tu afunikwe nacho."

Mbodze alifika Msambweni usiku, akaketi kwenye benchi pamoja na akina mama wengine waliokuwa wakingoja habari. Mramba alikwenda na kurudi, akimletea maji ambayo hakuyanywa. Aliwaomba wauguzi wampe mkoba. Walimwambia kwa upole kwamba mkoba uko kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko chumba cha kujifungulia. Alimwomba Mungu, kisha akamwomba Jumwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lile kwa sauti tangu alipokata uzi wake wa mwisho.

Kulipopambazuka walimruhusu aingie.

Sidi alikuwa amelala ubavu, uso umemvimba kwa uchovu na furaha. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa amefungwa ndani ya kishuka, asumini zimemzunguka uso.

"Mama," alisema Sidi. "Ni kizuri. Sijaona kazi yako nzuri kama hii." Akalia kidogo, akacheka. "Kumbe ulimngoja."

Muuguzi alikuwa amesimama kando, kipima joto mkononi, amekunja uso. Alimweleza Mbodze kwamba mtoto ana uzito wa kutosha, amelia vizuri, kila kitu kiko sawa, ila hapati joto. Wameshamweka kifuani kwa mama yake, wameongeza blanketi mbili juu, na bado. Daktari anakuja.

Mbodze aliweka mkono juu ya kishuka. Kilikuwa baridi kama ukuta wa bafu. Akapitisha kidole ndani, kwenye pembe ile iliyoelekea ngozi ya mtoto, akahesabu kwa kugusa. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Herufi nne. Na ya tano ilikuwa imeanza, mguu mmoja tayari... na chini ya kidole chake, polepole, uzi ulijivuta.

Shhh.

"Mtoeni," alisema. "Mtoeni ndani ya hiki kitu."

"Mama?"

Hakungoja. Alikifungua kwa mikono yake miwili, akamvua mjukuu wake kishuka mpaka akabaki uchi, mdogo, miguu ya buluu. Muuguzi aliwahi kumfunika kwa blanketi, akimkemea. Mtoto akalia kwa nguvu. Damu ikampanda mashavuni.

Sidi alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Alimtazama mama yake, alivyokikumbatia kishuka kifuani.

"Ni chake," alisema. "Ulimshonea yeye."

Mbodze angeweza kusema uongo. Angeweza kusema kina unyevu, anakwenda kukianika. Lakini alikuwa amechoka na mambo ya kufichwa, na wakati huo huo mwanamke mzazi hastahili kuambiwa habari za makaburi. Kati ya hayo mawili akaokota neno baya kuliko yote.

"Si chake, mwanangu. Hakikuwa chake."

Sidi alilala tena taratibu. Akageukia ukuta.

Nusu saa baadaye joto la mtoto lilikuwa kamili. Daktari alisema mambo kama hayo hutokea. Mbodze alikuwa ameshaondoka.

Jioni ile ile alichimba. Hakuhitaji kuoneshwa mahali. Udongo wa kwenye migomba ulikuwa laini, umejaa maji, na jembe liliingia bila kelele. Alipofika kina cha goti alisimama, kwa sababu hakutaka kuona zaidi. Alikikunja kishuka mara nne, jina likawa juu.

"Jumwa," alisema. "Nilikunyima. Nilikaa miezi saba nikikushonea, halafu nikakupa kanga kuukuu, nikabaki na chako. Si kwamba sikukupenda. Nilitaka niwe na kitu cha kushika."

Migomba ilitulia.

Akakilaza kishuka. Akaanza kurudisha udongo, akasita. Aliikumbuka ile sauti ya kuokota maneno. Hukunifundisha. Aliwaza miaka thelathini na mmoja ya jioni ambazo wangekaa barazani wawili, mama akitunga sindano, binti akijichoma na kulia na kunyonya kidole, mama akimcheka. Alilikumbuka pia agizo la Shangazi, alilikumbuka neno kwa neno.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa sindano yake nzuri, ile nyembamba, na kidonge cha uzi mwekundu. Akavua kidoleni kastabini, kile kikofia cha chuma kinachomkinga fundi asijichome.

Sindano na uzi akavitia shimoni. Kastabini ilimponyoka ikaangukia matopeni, nje ya shimo, giza likawa limeingia, akaipapasa asiione.

Akafukia.

Siku saba zilipita, na ya nane. Kishuka hakikurudi, wala sauti haikusikika. Sidi alikuwa kwake Ukunda na hakupokea simu za mama yake. Mramba alimpigia kwa siri kumpa habari: mtoto ananyonya, mtoto anaongezeka. Mbodze alishukuru, akaenda kuketi barazani peke yake. Alijiambia kwamba alilipa, na kwamba bei ilikuwa ya haki: mmoja kapata kishuka, mmoja kapata uhai, na aliyekosa ni yeye.

Jioni ya tisa Mramba alikuja mwenyewe, hajanyoa, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Twende, tafadhali. Sidi ndiye aliyenituma."

Mtoto alikuwa akilia. Alikuwa ameanza jioni ya sita, jua likizama, na sasa hakuwa ananyamaza tena mchana wala usiku. Sauti ilikuwa imekauka. Tangu asubuhi alikuwa amekataa ziwa. Zahanati waliompima hawakuona ugonjwa, wakawaagiza wampeleke hospitali kubwa kesho asubuhi. Na bibi yake wa upande wa Mramba alikuwa amesema walichokijua wote: mtoto analilia jina. Kwao huwa hivyo. Mtoto anapokataa kunyamaza, wazee humwinamia sikioni na kumtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na atakapofikiwa yule aliye wake, hunyamaza. Upande wa Mramba walikuwa wamemaliza majina yao yote. Ulibaki upande wa mama.

Sidi hakumwamkia. Alimpa tu mtoto. Hakuwa amelala siku tatu.

Mbodze aliketi kitini, akamwinamia mjukuu wake. Alitaja jina la mama yake. La bibi yake. La dada zake wawili waliofia Samburu. La Shangazi Shutu, ingawa alikuwa hai. Alitaja majina aliyoyasikia mara moja tu utotoni. Mtoto alikuwa analia bila machozi, mdomo wazi, mishipa imemtoka shingoni, na sauti yenyewe ilikuwa imebaki kama karatasi inayopasuka.

"Umemaliza?" aliuliza Sidi.

"Nimemaliza."

"Hakuna mwingine, mama? Fikiria. Nakuomba."

Chumbani walikuwa wote wanamtazama. Mtoto alivuta pumzi, ikachelewa kurudi. Ikachelewa zaidi. Midomo ilianza kugeuka rangi, buluu ile ile ya Msambweni.

Mbodze alifumba macho, akaweka mdomo kwenye kile kisikio.

"Jumwa," alinong'ona.

Kimya.

Kimya kiliingia chumbani kama maji. Mtoto alifumba mdomo. Pumzi ilirudi, ikatulia, na macho yake, yaliyokuwa yamefungwa kwa siku tatu, yakafunguka. Alimtazama Mbodze. Alimtazama kwa utulivu, kama mtu aliyefika mahali baada ya safari ndefu na kumkuta mwenyeji mlangoni.

Bibi wa upande wa Mramba alipiga kigelegele. Mramba aliegemea ukuta akafunika uso. Sidi alipiga magoti mbele ya kiti, akaweka kichwa chake mapajani kwa mama yake, kando ya mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akalia machozi yasiyokuwa ya hasira.

"Jumwa," alisema. "Jina zuri. Ni la nani, mama?"

"La mtu wa kwetu," alijibu Mbodze. "Alikufa mdogo. Nitakusimulia."

"Nisamehe kwa ajili ya kile kishuka. Sikujua nini kilikuwa kinakusumbua. Akikua utamshonea kingine." Sidi alicheka kidogo katikati ya kilio, akaushika mguu wa mwanawe. "Au umfundishe ajishonee mwenyewe. Mbona ana baridi hivi?"

Mbodze alimwinamia mjukuu wake. Mtoto alikuwa amekishika kidole chake, kile alichokuwa akikivika kastabini, na alikuwa amekishika kwa nguvu isiyokuwa ya siku tisa. Alikifungua kile kiganja apate kujinasua. Akakisogeza karibu na uso, karibu na taa, mahali ambapo macho yake yaliweza kuona.

Kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mahali ambapo kila anayejifunza kushona hujichoma, palikuwa na vitundu vidogo vyekundu. Vingi. Vingine vilikuwa vimeshapona.

Akakifunga kiganja taratibu, kidole baada ya kidole, kabla Sidi hajaona.